Chuchu ya Nne

Maretadu,
11 Februari 2024

Mama mkwe wangu Helena,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana nakujua, ukisimama utasoma nusu halafu utaiacha juu ya pipa mpaka ndama aile. Hapa kwa dada Judica tuko salama. Maharage yake yamechanua, na ametupa mimi na mtoto chumba cha karibu na barabara ili tuwahi gari la kwenda hospitali. Mwanao Ezekiel alipiga simu kutoka Babati. Kazi ya barabara inaendelea, anakusalimu, na anauliza kama bado unamnyima mbwa wake mifupa. Nimemwambia mbwa amenenepa kuliko yeye.

Mjukuu wako Wolfgang ana meno manane na yote anayajaribia begani kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Homa imerudi, mara ya nne tangu Krismasi. Ni mkojo, mama. Wanampa dawa ya maji, siku ya tatu anacheka, siku ya nane anachemka tena. Wiki iliyopita walitaka mkojo wa kuotesha, yaani wanauweka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu waone ni nani anaota humo. Nilikaa na kikopo chini yake tangu asubuhi mpaka saa saba. Nilipogeuka kupiga chafya, akamkojolea nesi. Nesi akasema, "Huyu alikuwa ananisubiri mimi."

Majibu yametoka. Bakteria wapo, na dawa nne kati ya sita walizozijaribu haziwawezi. Daktari anaogopea figo za mtoto. Aliniuliza, amewahi kupata dawa gani tangu azaliwe? Nikazitaja. Akauliza, na ng'ombe mnayekunywa maziwa yake je? Nikamwambia nitakuandikia nikuulize.

Basi nauliza kwa heshima. Ng'ombe wetu mwekundu ametibiwa na kitu chochote? Sikutaka kuuliza kwa simu kwa sababu mtandao unaupata pale kwenye jiwe tu, na mara ya mwisho nilisikia watu kama kumi wanachangia mazungumzo yetu. Mmoja nisiyemjua alinipa pole kabla yako.

Mwanao,
Fausta


Yaeda Chini,
25 Februari 2024

Mama Wolfgang,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa. Ndama hajala kitu.

Huku tunaona mawingu yakipita kwenda kwenu juu, sisi tunabaki na vumbi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mguu wangu unauma nikichuchumaa kukamua, lakini mguu si wa kuandikiwa barua. Mwambie Ezekiel mbwa ni wake, mifupa ni yangu.

Ng'ombe ni mzima. Anajaza kibuyu. Huyo daktari ni wa watu au wa ng'ombe? Kama watu wamemshinda asikimbilie zizini kwangu.

Unasahau ng'ombe yule ni nani. Marehemu baba mkwe wako Bura alimshika pembe mbele ya wazee, wewe ukiwa na tumbo la miezi saba, akasema huyu ni wa mke wa Ezekiel na mtoto anayekuja, maziwa yake yasiuzwe wala asinywe mwingine. Miezi miwili baadaye tukamzika. Na unajua watu wa huku wanasemaje ng'ombe wa uzazi akikauka kabla mtoto hajamaliza kuota meno. Wanasema nyumba haikumtaka mtoto. Sasa unataka nani aanze kusema hivyo, mimi au wewe?

Nimempa Pascal wa lori kibuyu kizima. Mnyweshe mtoto. Maziwa ya kwao yatamponya kabla sahani zao hazijaota chochote.

Mama yako,
Helena


Maretadu,
10 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na pole na mguu, nauandikia barua hata kama umekataa. Hongera ya mapacha. Judica anasema akipata mtu wa kumletea mmoja hatakataa.

Kibuyu kimefika salama, Pascal alikifunga ndani ya koti lake. Nilipokifungua, ile harufu ya mkaa unaosafishia vibuyu vyako ilinirudisha nyumbani, nikakaa chini. Wolfgang alinyoosha mikono yote miwili. Mama, sikumpa. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa Pascal. Nilikifunga nikakiweka juu ya kabati. Mtoto alilia nusu saa, nami nikamsaidia.

Ngoja nikueleze nilichokiona, ujue sijajiamulia tu.

Pale maabara kuna binti wa chuo kikuu anaitwa Irene. Anafanya utafiti wa vijidudu visivyosikia dawa, vya watu na vya mifugo. Tunalingana umri, ila yeye hana mtoto, ndiyo maana nywele zake zimechanwa. Aliniita, akanionyesha sahani ya duara. Juu yake alikuwa amepaka vijidudu kwa mistari sita kutoka katikati kwenda pembeni, kama spoki za baiskeli, kila mstari umetoka kwa mgonjwa wake. Ndani ya kile chakula cha sahani ametia rangi fulani ya sumu, hata yeye haigusi bila glavu. Kijidudu kikiimeza rangi hiyo ikabaki ndani yake, kinang'aa ukikimulika kwa taa ya zambarau.

Akafunga pazia, akawasha taa. Mistari mitano iling'aa kama makaa. Wa sita ulikuwa giza tupu. Nikauliza, "Huo umekufa?" Akasema, "Hapana, dada. Huo ndio wenye nguvu kuliko yote. Huo ni wa Wolfgang."

Bakteria wa mtoto wanaimeza rangi kama wenzao, lakini wanaitupa nje kabla haijakaa. Na dawa wanaitupa vivyo hivyo. Wana pampu.

Nikamwambia, nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia kidato cha pili na hajalala tangu Jumanne. Akachora juu ya boksi la glavu. Kijidudu cha aina hii kina ngozi mbili, ya ndani na ya nje, na uwazi mwembamba katikati. Kwenye ngozi ya ndani wamekaa watatu, ni protini, wamekumbatiana kwa duara. Kwenye ngozi ya nje kuna bomba, lakini mdomo wake wa chini umefumba. Hao wakiwa hivyo hivyo hawawezi kitu. Wanakuja wengine sita wa katikati, wanajipanga kama pete, huku wamewashika wale watatu, huku wameshika bomba, na wakishashikana bomba linafumbuka. Nikamuuliza fundi ni nani. Akasema hakuna fundi wala msumari. Kila kipande kinatengenezwa ndani, kinapelekwa upande wake, na maumbo yao yanatafutana mpaka yanakaana. Hapo njia inakuwa moja, kutoka ndani mpaka nje kabisa. Dawa haipati hata pa kusimama.

Wale watatu wanafanya kazi kwa zamu. Mmoja anafungua mdomo anachukua. Wa pili anabana. Wa tatu anasukumia juu kwenye bomba. Halafu wanabadilishana, aliyechukua anabana, aliyebana anasukuma, aliyesukuma anafungua mdomo tena. Nguvu wanaipata kwenye chembe ndogo za chaji, kama ya betri, zilizosongamana nje zikitaka kuingia. Kila chembe inapopenya inawageuza.

Na hawachagui sana, mama. Kazi yao ya asili ni kutupa nyongo, kwa kuwa makazi yao ni matumboni. Kwa hiyo chochote kinachofanana na mafuta mafuta wanakishika, iwe rangi, iwe sabuni, iwe dawa hii au ile. Ndiyo sababu dawa moja ikiwazoeza, nne zinashindwa.

Nikauliza, na nani amewazoeza hawa wa mwanangu? Akajibu bila kufikiri, "Dawa kidogo kidogo." Dawa ya kutosha inawaua wote. Dawa kidogo, kila siku, inaua wanyonge tu. Wanaobaki ni wale wenye pampu nyingi, na watoto wao wanarithi. Na kuchemsha maziwa kunaua vijidudu, lakini dawa iliyomo haiondoki yote.

Sasa daktari ana njia mbili. Iko dawa ya kunywa, sipro, ambayo kwenye sahani iliwazuia nusunusu, si ndiyo si hapana. Hiyo mtoto angeinywea nyumbani. Au sindano, siku kumi wodini, na kupimwa figo kila mara kwa sababu sindano yenyewe inaweza kuziumiza. Hataki kumchoma bila sababu. Lakini kama bakteria hawa walishakutana na ndugu wa sipro, basi sipro itakuwa kupoteza siku, na figo za Wolfgang hazina siku za kupoteza. Maziwa ya kibuyu yanaweza kupimwa, ila mpaka yasafirishwe mbali, na majibu ni wiki nyingi. Wewe una jibu leo.

Mama, sikuulizi kama umekosa. Nakuuliza chupa ya dawa imeandikwaje.

Mwanao anayekuheshimu,
Fausta


Hospitali, wodi ya watoto,
31 Machi 2024, Pasaka

Shikamoo mama, na heri ya Pasaka.

Judica anakusalimu, ametuletea pilau. Wiki tatu sijapata jibu. Nasikia mvua imekata barabara ya kushuka kwenu na lori la Pascal limelala kwenye tope, kwa hiyo namlipa kijana wa pikipiki alete hii.

Wolfgang amelazwa tangu Alhamisi. Hachezi. Anaangalia tu. Wamempa dawa ya kumshikilia, na daktari ameniambia hawezi kungoja kupita wiki ijayo. Asipopata habari atamwanzishia sipro, kwa kuwa ndiyo nyepesi kwa figo.

Sina maneno mengine. Mimi ni mkweo, na siku zote nimekaa pale uliponiambia nikae. Leo mimi ni mama yake. Niandikie.

Fausta


Yaeda Chini,
2 Aprili 2024

Mama Wolfgang,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Zimefika siku moja. Ya Pascal ilikaa ndani ya lori mpaka ikapata ukungu. Hii ya pili imeletwa na kijana wako, ambaye kwa jinsi alivyochafuka naona yeye ndiye aliyeibeba pikipiki. Amekula, anasubiri mlangoni niandike.

Hao watatu wako nawajua. Wewe hukukikuta kile kisima chetu cha zamani, kilichoporomoka. Kilikuwa kirefu, watu watatu wanashuka wanasimama kwenye vidato vilivyochimbwa ukutani, mmoja juu ya mwenzake. Wa chini anachota, wa kati anapokea, wa juu anamwaga kwenye hori. Mimi nilikuwa wa kati miaka sita. Wa kati haoni maji wala haoni ng'ombe, anaona mikono tu. Na hachagui. Ikija ndoo ya maji inapanda, ya tope inapanda, siku moja kilikuja kiatu cha Bura, nacho kilipanda. Kwa hiyo usinieleze mara mbili, nimeelewa.

Muulize huyo binti mwenye nywele, kwa nini hawamwondoi wa kati? Siku nilipougua malaria, wa chini alikuwepo na wa juu alikuwepo, na ng'ombe walilala na kiu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Nimezibandua kwa maji ya moto. Mpe Irene. Usiniandikie neno juu yake.

Helena


Hospitali,
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Umesema nisiandike neno. Naandika, na ukitaka kukasirika, kaa kwanza.

Kijana alirudi na bahasha ameificha ndani ya kofia. Nilimpa Irene zile lebo mbili hata sijavaa viatu. Ya kwanza ni oksitetra, ile dawa ya njano inayouzwa mnadani. Irene akaitikia kwa kichwa, hiyo aliitarajia. Ya pili aliisoma mara mbili, kisha akakimbia nayo kwa daktari, na zile nywele zote zikafumuka. Ya pili ni ndugu wa tumbo moja na sipro.

Mama, tungempa sipro siku ile ile. Kikombe kilikuwa tayari kimewekwa juu ya meza.

Mtoto alianza sindano kabla ya chakula cha mchana. Irene anasema sindano hii wale watatu hawaipati vizuri, haina yale mafuta mafuta, inawaponyoka mikononi. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano aliomba uji, akaumwaga, akaomba mwingine. Leo sindano zimekwisha na figo zimepimwa mara tatu, ziko sawa. Nilikuwa na hakika tangu siku ile ya tatu, maana aliniuma.

Swali lako la wa kati nilimfikishia Irene. Aliliandika kwenye daftari lake. Anasema wataalamu wanatafuta hicho hicho, kitu cha kuwazuia wale sita wasishikane, au cha kuwakwamisha wale watatu, ili dawa za zamani zifanye kazi tena. Kwenye sahani wameshaweza. Ila vitu walivyovipata mpaka sasa vinamdhuru na mgonjwa. Akasema, "Mwambie mama amefika pale tulipofika sisi, na yeye hakupanda gari."

Sasa nisikilize. Usimkamulie mtu yeyote maziwa yale mpaka bwana mifugo amwone yule ng'ombe. Na najua umeniambia hanywi mwingine, lakini najua pia huwezi kuona mtoto wa jirani anakuangalia na kibuyu kiko mkononi mwako. Kama wapo waliokunywa, waambie mama zao. Siyo mimi wa kuwaambia kwa barua. Ni wewe.

Sababu yako naijua. Irene anasema dawa hizo hununuliwa kiwele cha ng'ombe kikivimba; watu wangekiona, na wangesema maneno yale juu ya mtoto na juu ya nyumba, na mzee hayupo kujibu. Ulikuwa unatulinda. Lakini baba hakumshika ng'ombe pembe ili tumfichie ugonjwa. Alitaka mtoto aishi.

Nakupenda, na sibadilishi neno hata moja hapo juu.

Fausta


Yaeda Chini,
5 Mei 2024

Mama Wolfgang,

Marahaba. Nilikasirika nimekaa. Kisha nikasimama, nikakasirika tena, kisha nikaenda kukamua.

Mvua imepungua, nyasi zimefika magotini mwa ndama. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Aliyebaki ni wa Judica, mwambie aje na kamba yake.

Bwana mifugo amekuja. Alinipigia kelele kama mwanafunzi. Dawa hupimwa kwa uzito wa ng'ombe, akasema, na hutolewa mpaka siku zake zitimie, na maziwa ya siku hizo, na ya siku kadhaa baada yake, ni ya kumwaga. Nikamuuliza kama mama yake anajua kuwa anapiga kelele hivyo mbele ya watu wazima. Lakini niliyasikia yote. Amemtibu ng'ombe inavyotakiwa. Maziwa nimeyamwaga kwenye shimo siku zote alizosema, na mbwa wa Ezekiel nimemfukuza pale kwa fimbo, unaweza kumwambia mwenyewe.

Juu ya akina mama. Niliwaambia kisimani Jumamosi. Nikasema, kuna mtu huku ng'ombe wake alivimba kiwele, akawa anamchoma robo ya kipimo ili chupa idumu, uvimbe ukirudi anachoma tena, ya kwanza iliposhindwa akanunua nyingine, na maziwa akaendelea kuwapa watoto. Nikaeleza na habari ya wale watatu, wa kuchukua, wa kubana na wa kusukuma. Halafu Zita, unamjua jirani yangu Zita na mdomo wake, akauliza, "Huyo mtu ana shuka la bluu kama hilo lako?"

Nikasema mashuka ya bluu ni mengi Yaeda.

"Na anachechemea mguu wa kushoto kama wewe?"

Wakacheka mpaka ndoo ikarudi kisimani. Mimi sikucheka. Lakini walipomaliza, Zita alijifuta macho akasema kwake pia kuna chupa, iko nyuma ya debe la mahindi. Mwingine akasema yake iko chini ya kitanda. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja pale, zikapatikana chupa saba. Wawili kati yao watoto wao hukojoa kwa maumivu. Wataletwa huko kwenu juu barabara ikikauka. Mwambie binti aandae sahani.

Helena


Maretadu,
26 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hapa wanaanza kuvuna maharage ya masika, mgongo wangu umeongea mpaka umechoka. Ezekiel amekuja siku mbili, akambeba Wolfgang kutoka kituo cha gari mpaka nyumbani, hakukubali kupokewa. Mbuzi Judica ameshamtafutia kamba, na jina pia, nitakuambia ukiwa umekaa.

Wameotesha mkojo wa Wolfgang mara mbili tangu tutoke wodini. Sahani ni tupu. Irene alinishikia nione mwenyewe, pana, safi, hakuna doa. Mimi mwanamke wa jikoni sikujua kama nitakuja kufurahia sahani tupu.

Watoto wa Yaeda wameshafika, wote wawili. Mmoja dawa ya kawaida imemtosha. Wa pili vijidudu vyake vina pampu kama vya Wolfgang, lakini safari hii mama yake alikuja na lebo mkononi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyengoja wiki. Irene anataka kushuka nasi kuongea na akina mama. Nilimwambia kule kuna mtu ameshaongea.

Tutakuja Jumamosi ya tarehe 15 Juni, na lori la Pascal.

Kuna jambo moja limebaki, nami silisemi kwa kukuumiza. Wolfgang akikua ataniuliza alama za sindano kwenye paja lake ni za nini. Nitamsimulia. Lakini sitaki kumwambia "kuna mtu". Hadithi yenye "kuna mtu" ndani yake, mtoto ataijaza mwenyewe, na anaweza kumweka humo mtu asiyestahili. Sikulazimishi. Nimekuambia tu nitakuwa na mdomo mzito siku hiyo.

Fausta


Yaeda Chini,
9 Juni 2024

Mama Wolfgang,

Marahaba. Nimepata barua yako nikiwa nimekaa, sasa nimezoea.

Njooni. Nimepaka nyumba udongo mpya na kitanda chenu nimekisogeza mbali na ule ukuta unaovuja. Mwambie Irene alete viatu vya tope na aache kuchana nywele, hapa kuna upepo. Zita ameshasema atakaa mbele.

Ng'ombe mwekundu ni mzima sasa, na naandika hivyo bila uongo kwa mara ya kwanza. Bwana mifugo amempima jana, akasema maziwa yanafaa. Lakini chuchu moja ya nyuma imekauka, haitafunguka tena. Watu wameona. Niliwaacha waone. Nilimkamulia pale nje, mchana, kila aliyepita njiani alihesabu. Zita aliuliza kama nyumba haimtaki mtoto. Nikamwambia aje tarehe 15 aangalie mtoto anavyotakwa.

Tatu zinamtosha Wolfgang, anakuja ana meno ya kulia nyama. Akiuliza ya nne iko wapi, usiwe na mdomo mzito. Mwambie ni bibi yake Helena. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa sindano, kwa mkono huu huu unaoandika. Na ndiye nitakayemkamulia zile tatu, asubuhi mkishafika, kabla hajavaa hata suruali.

Bibi yake